Bukoba hadi Namugongo na daftari la shukrani

Wengi mmeniuliza njia, nauli na pa kulala, kwa hiyo nayaandika yote mara moja. Nimeyaunganisha kutoka vikaratasi nilivyokuwa nachorachora garini, picha za simu, na kumbukumbu za mama mkubwa niliyesafiri naye, ambazo ni ndefu kuliko zangu na mara nyingi hazikubaliani nazo. Ana miaka sabini na ushee. Magoti yamechoka, ulimi bado.

Kilichotutoa nyumbani ni daftari. Kila mwaka, inapokaribia tarehe 3 Juni, jumuiya yetu ndogondogo hapa Bukoba humtuma mtu Namugongo, Uganda, kwenye hija ya Mashahidi wa Uganda, akiwa na nia za kuombewa: wagonjwa, kesi za mipaka ya mashamba, watoto wa kidato cha nne. Safari hii mwenyekiti akasema maombi yapumzike kidogo, kila nyumba iandike jambo moja tu inaloshukuru. Mimi ndiye katibu, nikapewa kazi ya kulizungusha daftari. Lilizunguka karibu mwezi mzima! Kuomba watu wamezoea, hata mtoto ukimwamsha usiku ataomba. Ukiwaambia wataje walichokwisha kupewa wanakuna kichwa na kuuliza kama jirani ameshaandika.

Mwishowe yakaja. "Ng'ombe amezaa salama." "Nimetolewa mtoto wa jicho, sasa namwona mume wangu alivyozeeka." "Shemeji amelifuta lile deni." Mzee mmoja aliandika "Mvua" akarudisha kalamu. Nyumba ya mama aliyezika mtoto mwezi wa pili iliandika: "Mwaka huu sina. Niachieni nafasi." Nikaiacha mistari miwili mitupu chini yake.

Ijumaa, 31 Mei. Bukoba, Kyaka, Mutukula, Masaka

Gari za Noah za kwenda Mutukula huondoka stendi zikijaa, na dereva ndiye anayejua kujaa ni nini. Tulilipa 7,000 kila mmoja. Ni lami yote, kama kilometa 80.

Daraja la mto Kagera pale Kyaka si lile alilovuka mama mkubwa akiwa msichana. Lile lilibomolewa na majeshi ya Idi Amin mwanzoni mwa Novemba 1978, siku chache baada ya kuivamia ardhi yetu iliyo kaskazini ya mto. Kwao mama mkubwa ni upande huohuo wa kaskazini. Walikimbilia kusini na godoro, mtungi na mbuzi. Ng'ombe walibaki na hawakuonekana tena. Alinionyesha mahali ng'ombe walipogoma kuvuka, kisha akaendelea na karanga zake.

Mutukula siku hizi mpaka wote uko chini ya paa moja kila upande: ukienda Uganda unagongewa mihuri yote, ya kutoka na ya kuingia, upande wa Uganda. Ilituchukua chini ya saa nzima, na sehemu kubwa ya muda huo ilitumika kujadili kahawa. Mama mkubwa alikuwa na furushi la amwani, zile punje za kahawa zilizochemshwa na viungo na kukaushwa, za kumtafunisha mgeni, zimefungwa vizuri kwenye maganda ya mgomba. Kahawa ya Kagera kuvushwa kimagendo ni habari ya miaka yote, basi afisa akamwuliza anaipeleka wapi. "Kwenye vinywa vya watu," akajibu, akafungua fundo moja. Afisa akacheka, akachukua punje mbili, akatupisha.

Kwa mtakaokwenda: Mtanzania aende na pasi au hati ya dharura ya kusafiria, na kadi ya chanjo ya homa ya manjano, ambayo kwetu iliombwa kabla ya kitu kingine chochote. Fedha badilisheni kidogo pale mpakani, na ulizeni watu watatu kabla ya kutoa noti. Sisi 100,000 za kwetu zilizaa 142,000 za Uganda. Saa zao kwa Kiganda zinahesabiwa kama zetu, saa mbili ni saa mbili. Lakini mtu akikupa saa kwa Kiingereza hesabu inageuka, na hapo ndipo mabasi huachwa.

Kijana mmoja wa pale mpakani alibeba mzigo wetu hadi kwenye teksi (kule teksi ni yale ma-Hiace ya abiria kumi na wanne) akamtafutia mama mkubwa kiti cha mbele. Nikatoa 2,000. Akazikataa, akamwambia mama mkubwa, "Jjajja (yaani bibi), utaniombea ukifika." Mama mkubwa akampa amwani na akamwuliza jina, akalirudia mara mbili ili lisimtoke.

Mutukula hadi Masaka tulilipa 15,000 za Uganda. Njiani unapita Kyotera, katika eneo la Rakai ya zamani. Huku Rakai na kwetu Kagera ndiko UKIMWI ulikoonekana mapema, mwanzoni mwa miaka ya 1980, na makaburi yapo migombani pande zote mbili za mpaka. Mama yangu yumo. Mama mkubwa alikuwa na wanne wake, akatuongeza sisi watatu, na sijawahi kumsikia akituhesabu kwa mafungu mawili.

Tukafika Masaka jioni, tukapokelewa Nyendo na mwenyeji wetu.

Jumamosi, 1 Juni. Masaka

Mwenyeji ni mzee wa karibu miaka themanini, na udugu wetu naye si wa tumbo. Babu yangu alikuja huku Buddu, nchi hii ya Masaka, kwa miguu enzi za wakoloni kutafuta vibarua vya mashamba ya kahawa. Akaugua. Baba wa mzee huyu akamlaza nyumbani kwake hadi akapona, kisha wakachanjia: kila mmoja alimeza nusu ya punje ya kahawa iliyopakwa damu ya mwenzake. Kwetu na Buganda jambo hilo huitwa omukago, na halivunjiki. Mapadre wa zamani hawakulipenda. Babu yangu, aliyekuja kubatizwa baadaye, aliwajibu kwamba hata yeye hakuelewa kwa nini mtu aliyemkuta njiani alimwogesha. Alimeza punje ile kwa sababu alikosa kitu kingine cha kufanya.

Chakula cha mchana kilikuwa kuku wa luwombo, aliyepikwa kwa mvuke ndani ya jani la mgomba, matoke yaliyopondwa, mchuzi wa karanga na maboga. Mzee alisali kabla ya kula, na sala yake haikuwa ile ya kukariri. Alitaja vitu: kuku mwenyewe, mjukuu aliyemkimbiza, kuni zilizokuwa mbichi zikawaka hivyohivyo, magoti ya mgeni yaliyofika. Ilikuwa ndefu, mchuzi ukaanza kushika ngozi juu. Mama mkubwa aliongeza ya kwake. Mimi nilikuwa naangalia mchuzi.

Halafu wakaanza habari za vita. Februari 1979 jeshi letu liliuteka mji wa Masaka, na sehemu kubwa ya mji ikaharibiwa, kisasi cha yale yaliyofanyika Kagera. Duka la baba wa mzee lilikuwa mojawapo. Mama mkubwa akaleta ng'ombe wake mezani, mzee akaleta mabati, cherehani mbili na magunia ya kahawa. Walibishana nani alipoteza zaidi kwa namna watu wanavyobishana bei ya samaki, huyu kwa Kihaya, huyu kwa Kiganda, bila mkalimani. Nilitaka kubadilisha mazungumzo, mke wa mzee akanibonyeza mguu chini ya meza.

"Ng'ombe wangu walikuwa kumi na mmoja," alisema mama mkubwa, "na sikudai hata kwato."

"Nami sikukudai duka," akasema mzee. "Kula."

Akamwongezea paja. Baada ya hapo ugomvi ukahamia kwenye ndizi: kuziponda ni kuziharibu au ni kuziheshimu. Hilo halikupata suluhu.

Alasiri tulichukua bodaboda mbili, 5,000 kila moja, kwenda Katigondo. Mama mkubwa alitaka kuiona seminari aliyosomea Laurean Rugambwa, mtoto wa Bukoba aliyekuwa kardinali wa kwanza Mwafrika mwaka 1960. Haikuwa siku ya wageni. Mlinzi alimtazama Jjajja, akatazama magoti yake, akafungua. Frateri mmoja alitutembeza kanisani kwao, akatueleza habari za Joseph Kiwanuka, ambaye mwaka 1939 alipewa uaskofu na kuongoza Kanisa la hapa Masaka, Mwafrika mweusi wa kwanza wa nyakati hizi kuwa askofu Mkatoliki. Sisi watu wa Kagera tunapenda kujisifia Rugambwa. Nilikuwa sijawahi kufikiri ni ugali wa nani alioula miaka ile ya masomo. Na si yeye tu: misheni ya Kashozi, kwetu Bukoba, ilianza mwaka 1892 pamoja na Wakristo wa Buganda waliokuwa wamekimbia vita vya dini vya Mengo, mji mkuu wa Buganda. Wakimbizi ndio waliotuletea dini. Na wao waliletewa kutoka upande wetu wa ziwa: padre Lourdel, waliyemwita Mapeera, na bruda Amans walivuka kwa mtumbwi kutoka kusini, wakafika Kigungu, Entebbe, tarehe 17 Februari 1879. Ukitaka kujua nani anamdai nani, utahesabu hadi giza liingie.

Frateri naye alikataa kitu kidogo. Nikalalamika njiani kwamba najisikia vibaya, kila mtu anatufanyia na hatulipi. Mama mkubwa alikuwa nyuma ya boda nyingine, akanijibu tuliposhuka: "Wewe unataka kumalizana nao. Mimi sitaki tumalizane."

Jumapili, 2 Juni. Masaka, Lukaya, Kampala, Namugongo

Misa ya asubuhi Kitovu, sikukuu ya Mwili na Damu ya Kristo, maandamano marefu, watoto wanamwaga maua. Kisha stendi.

Teksi ikisubiri kujaa, aliingia mhubiri na Biblia ya zipu. Alianza vizuri, akatushukuru kwa kumsikiliza. Baada ya dakika kumi tukafika kwenye bahasha. Kila mmoja atoe shukrani kwa gari atakalopewa na Mungu mwaka huu, kwa nyumba, kwa viza. Nimeisikia hii kwetu pia, imevaa suti nzuri zaidi, na huwa inaniudhi. Kumshukuru Mungu kwa gari ambalo bado liko dukani ni kuweka rehani, na mwenye kuweka rehani anakaa macho akisubiri tarehe. Babu yangu mgonjwa hakuwa na bahasha. Abiria kadhaa walitoa noti za elfu moja. Mama mkubwa akampa amwani. Yule kijana alizitazama punje mkononi, akasema amina, akazitia mfukoni. Nadhani alikuwa na njaa. Ningempa hata chapati kama gari lisingeondoka.

Nauli ilikuwa 20,000, imepandishwa kwa ajili ya sikukuu. Lukaya magari yote husimama: vijana wanakimbilia madirishani na mishikaki, kuku wa kuchoma kwenye vijiti na gonja, zile ndizi za kuchoma. Gonja tulinunua kwa 2,000, laini kama siagi, msiache. Baada ya hapo barabara inakata bwawa la Lwera, kisha mnavuka ikweta pale Kayabwe. Huko tuliwaona watembeaji, makundi ya mahujaji na bendera za parokia, wengine wanatoka Uganda magharibi, siku nyingi barabarani, kandambili mkononi na rozari shingoni. Wanakijiji walikuwa wamepanga madumu ya maji na vikombe kando ya lami. Hakuna aliyesimamia vikombe.

Kutoka Busega kuingia Kampala ni foleni, sina la kusema zaidi.

Kwa mtakaokwenda: mkesha wa sikukuu barabara ya Namugongo hufungwa kwa magari. Sisi tulipanda hadi Kireka, tukatafuta boda hadi alipozuiwa, kisha mguu kupitia Kyaliwajjala. Kwa mzee, fikeni mapema, jua lingali juu. Getini kuna ukaguzi wa askari, msibebe visu vya kumenyea matunda. Chukueni mkeka, sweta, plastiki ya kujifunika mvua, dumu la lita tatu la maji. Simu na fedha ziwe kifuani chini ya nguo. Vyoo ni foleni ndefu. Kunyweni maji kwa akili.

Plastiki ndiyo hatukuwa nayo. Mvua ilianza kama saa nne usiku, tukiwa tumetandika chini ya mti ambao haukusaidia kitu. Mama mmoja jirani akainua pembe ya turubai lake: "Mama, kuya huku!" Kiswahili cha Kongo. Alikuwa mkimbizi kutoka kambi ya Kyangwali, amekuja na kwaya ya parokia yao kwa lori. Chini ya turubai lile tukawa watu saba na ndoo. Aliwahi kuwa na duka kule kwao Ituri, sasa ana mbuzi wanne na anafundisha kwaya. Mama mkubwa akamweleza habari ya daftari, akataka kulisikia, nikalisoma kwa mwanga wa simu. Alicheka kwa yule wa mtoto wa jicho hadi turubai likamwaga maji.

Tulipofika kwenye mistari mitupu akauliza kulikoni. Nikamweleza. Nilifikiri atasema neno la kidini. Akasema: "Muache. Mwaka wangu wa kwanza kambini nilikuwa naingia kanisani nanyamaza tu. Wenzangu waliimba sehemu yangu. Hakuna aliyenisukuma." Kisha akaomba kalamu aandike ya kwake, na akawa mwangalifu asiguse ile nafasi, alipindua ukurasa. Aliandika mbuzi wote wanne kwa majina.

Jumatatu, 3 Juni. Namugongo

Kulikucha kwa nyimbo. Vichwa hadi mwisho wa macho, na lugha zote: Kiganda, Kiacholi, Kinyarwanda, Kiswahili cha Kenya nyuma yetu kikibishania thermosi. Altare iko kwenye kisiwa katikati ya bwawa la maji, watu wamekaa mteremkoni kulizunguka. Basilika yenyewe imejengwa kwa umbo la msonge wa zamani wa Kiganda, ikibebwa na nguzo 22 kwa idadi ya mashahidi Wakatoliki waliotangazwa watakatifu na Papa Paulo VI tarehe 18 Oktoba 1964. Miaka mitano baadaye alikuja Uganda yeye mwenyewe, papa wa kwanza wa nyakati hizi kukanyaga Afrika.

Kisa mnakijua: tarehe 3 Juni 1886 Karoli Lwanga na wenzake, wengi wao vijana wa ikulu ya Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, walichomwa moto mahali hapa. Mdogo wao Kizito alikuwa na miaka kama kumi na minne, na alikuwa amebatizwa na Lwanga siku chache tu kabla, walipoona kifo kiko mlangoni. Mbaga Tuzinde alikuwa mtoto wa kulea wa mkuu wa wauaji mwenyewe. Nimesikia mahubiri mengi juu ya ushujaa wao. Nikiwa pale nilichokuwa nakiwaza ni ubatizo ule wa haraka. Siku chache! Hakupata muda wa kuufanyia kazi, wala wa kuonyesha kwamba anaustahili.

Mahubiri yalikuwa marefu na jua kali. Mama mkubwa aliyapitisha usingizini, ameegemea begi, na sikumwamsha hadi matoleo.

Kwenye sanduku la nia hatukufika, umati ulikuwa ukuta. Watu walipoanza kupungua, alasiri, tukakaa kivulini na nikasoma daftari lote tangu mwanzo, yeye akijibu "Tunashukuru" kila nyumba. Kwa yule kijana wa Mutukula, ambaye jina lake nilikuwa nimeliongeza pembeni, alijibu mara mbili. Kwenye mistari mitupu akanishika mkono nisikimbilie mbele, tukakaa hapo kidogo. Nyumba yangu ilikuwa ya mwisho, na nilikuwa nimeandika maneno mawili tu, "Mama mkubwa". Nikayasoma haraka.

"Tunashukuru," akasema kama kwa wengine. Halafu: "Mkubwa yupi?"

Jioni tulipata chumba Kyaliwajjala, 40,000 kwa usiku, maji ya ndoo, shuka safi. Tulinunua rolex mbili, chapati iliyoviringishwa na mayai na nyanya, 3,000 kila moja, tukalala kama magogo.

Jumanne, 4 Juni. Nakiyanja

Siku ya kupumzisha magoti, lakini mama mkubwa hakutaka kuondoka bila kuona upande wa Waanglikana, Nakiyanja, mwendo mfupi wa boda. Wao wanawakumbuka mashahidi 23. Ukijumlisha na wale 22 wanakuwa 45, na hapa Namugongo Wakatoliki na Waanglikana waliungua katika moto mmoja. Kuna makumbusho yenye sanamu zinazoonyesha mateso yote. Wenye watoto wadogo, angalieni kwanza wenyewe.

Mzee aliyetutembeza alitusalimu "Yesu asifiwe" kwa Kiswahili safi alipojua tunakotoka. Ni mlokole wa zamani, wa uamsho ule uliowaka Rwanda na Uganda miaka ya 1930 na kuvuka hadi kwetu. Mama mkubwa akamweleza habari za shangazi yetu Mlutheri aliyeokoka wakati ule, akarudi kwa Mhindi wa duka kulipa sukari aliyoiba miaka mingi nyuma, akampigia na hesabu ya faida. Mzee akafurahi, akasema kwao ilikuwa hivyohivyo, watu walirudisha majembe, baiskeli, hata mahari waliyodanganya. Walicholipa ni walichoiba. Nilimwuliza tumlipe kiasi gani yeye kama mtembezaji, akanionyesha sanduku la kanisa. Angalau hapo nikaruhusiwa kutoa.

Jumatano, 5 Juni. Kampala hadi Bukoba

Basi la moja kwa moja, tulilipa 50,000 za Uganda, linaondoka asubuhi. Baada ya sikukuu viti hugombewa, kateni tiketi siku moja kabla. Mkiondoka Namugongo alfajiri kwa boda mtalikuta. Kwa teksi msijaribu.

Nyendo basi likasimama bila sababu tuliyoijua. Mwenyeji wetu wa Masaka alikuwa amempigia kondakta. Akatokea na mkungu wa matoke mkubwa kuliko mjukuu aliyeubeba, wakausukumia kwenye buti, akampungia mkono mama mkubwa na kuondoka kabla hatujashuka. Kondakta akatutoza 5,000 za mzigo. Mama mkubwa alikaa kimya hadi Kyotera. Mhaya kurudi Bukoba na ndizi za Uganda, watu watamwonaje?

Mbele ya Kyotera mkanda wa injini ukakatika. Tulikaa saa tatu na nusu kando ya barabara, jua la mchana, hakuna mti. Mwenye duka la jirani, mzee Mwislamu wa kofia nyeupe, alitoa mikeka yake ya ndani, akawalaza wazee na wenye watoto barazani, akaamuru chai ya maziwa ipikwe kwenye sufuria la arusi. Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko changu. Kondakta alipotaka kumkusanyia michango akakataa kwa mkono. Mama mkubwa akampa amwani zilizobaki zote, na yeye akachukua moja, akampa moja, wakatafuna pamoja wakizungumzia bei ya vanila. Mkoba wangu ulikuwa umefungwa, na safari hii niliuacha hivyo.

Mutukula tulifika jioni. Afisa wa mimea aliuliza kama mkungu umekuja na machipukizi, kwa sababu ya mnyauko, ule ugonjwa wa migomba, hatukuwa nayo. Bukoba usiku saa tatu.

Hesabu: kila mmoja wetu alitumia kama 130,000 za Tanzania, bila hati za kusafiria. Jumuiya ilikuwa imetupa zaidi ya hapo, nimerudisha kwa mweka hazina.

Jumapili iliyofuata, baada ya sala ya jumuiya, tulipika zile ndizi kwa maharage, zikiwa nzima, bila kuponda. Mwenyekiti alizisifu, akauliza zimetoka shamba la nani, angependa apate chipukizi.

"La ndugu yangu, Masaka," akasema mama mkubwa. "Kafuate mwenyewe. Mpakani utanieleza."